Magari Yanayogoma Yakiwa ya Moto: Jaribio la Uainishaji kwa Ushahidi wa Barabara ya Kyela–Tukuyu

Gari linalogoma kuwaka alfajiri halina siri kubwa. Limelala nje Tukuyu, limenyeshewa usiku kucha, betri yake imefikisha umri wa kuanza darasa la kwanza, na mwenye gari analiwasha huku akipuliza viganja. Elimu ya magari imelipa tatizo hilo nafasi ambayo madaktari huipa mafua. Kinachostahili uchambuzi ni gari jingine: lile lililoitika mara moja asubuhi kule Kyela, likapanda na abiria, mchele na magunia ya kokoa, likafika kituo cha Ushirika likihema, likazimwa ili mzigo ushushwe, na lilipotakiwa kuendelea likakataa katakata. Hakuna chuma kilichokatika. Mafuta yamo. Betri ni ile ile ya asubuhi. Na baada ya nusu saa au dakika arobaini litawaka lenyewe, bila kuomba radhi.

Ugomaji wa aina hii unapatikana popote palipo na magari makongwe, kuanzia Nairobi hadi Lubumbashi, lakini barabara inayotoka Kasumulu na Kyela kwenda Uyole imekuwa maabara yake bila wajenzi kukusudia. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kyela haulizidi sana. Tukuyu iko kwenye mita 1,500 na ushee. Ukifika Isongole, kaskazini ya Kiwira, barabara imeshapita mita 2,000. Kwa hiyo gari moja, katika safari moja, hutoka kwenye joto la mpunga, likapita kwenye ndizi na chai, likaishia kwenye viazi na ukungu. Kadiri linavyopanda, shinikizo la hewa hupungua: Tukuyu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na petroli, ambayo sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 tu, hupata ruhusa ya kugeuka mvuke mapema zaidi kuliko ingepata Dar es Salaam.

Juu ya hayo kuna jambo ambalo abiria wengi huliamini kinyume. Injini ikizimwa haianzi kupoa. Huanza kwa kuongeza joto. Pampu ya maji imesimama, feni imesimama, upepo wa mwendo haupo tena, na chuma kilichobeba joto la mlima mzima kinawagawia majirani zake: kabureta, mabomba ya mafuta, stata, koili, sensa. Chini ya boneti joto hupanda kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini hivi, kisha ndipo hushuka. Hii ndiyo sababu gari lililozimwa dakika mbili huwaka, lililozimwa saa mbili huwaka, na lililozimwa robo saa hugoma. Robo saa ndiyo inayotosha kushusha magunia, kuulizia bei ya mkungu, kuikataa, kuondoka hatua tatu na kuitwa urudi. Biashara ya vituoni na fizikia ya chuma zimekubaliana muda.

Kwenye Hiace na Noah za zamani jambo hili hupimika bila kifaa, kwa kuwa injini iko chini ya viti vya mbele. Anayekaa kwenye injini, kama tunavyosema, ndiye mtafiti aliye karibu zaidi na chanzo cha data. Akianza kujiinua upande mmoja kisha mwingine wakati gari limesimama, joto linapanda. Akitulia na kuanza kusinzia, gari liko tayari kuwashwa. Sijaona kitabu cha ufundi kinachomtaja.

Kabla ya kuainisha, lazima tukiri ugumu mkuu wa fani hii, maana ndio uliozaa makosa yake yote. Ugonjwa unaopona wenyewe ni neema kwa mgonjwa na balaa kwa elimu. Lolote litakalofanywa ndani ya ile nusu saa litapewa sifa ya kuponya. Dereva mmoja alichomoa nguzo za betri, akazikwangua kwa kisu, akazirudisha, gari likawaka: basi ni betri. Mwingine aliteremsha abiria wote, likawaka: basi ni uzito. Wa tatu alifungua boneti akaitazama injini kwa muda mrefu bila kugusa chochote, na hilo nalo likawaka. Mbinu hizi zote zina kiwango kimoja cha mafanikio, kwa sababu aliyefanya kazi ni muda, na muda haudai malipo wala hautoi risiti.

Hapa ndipo Rungwe, wilaya yenye Tukuyu, inapoipita Kyela kwa kuzalisha nadharia. Wilaya hii ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania. Sehemu nyingi zake hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe na manyunyu yakapiga boneti, nusu saa hupungua ikawa dakika kumi, na aliyekuwa ameshika spana wakati huo hutawazwa fundi. Kule Kyela, ambako jua haliingilii mjadala, gari hubaki limegoma hadi mtu afikirie kweli. Kama ningetakiwa kumtafuta mtaalamu wa magari ya namna hii, ningeanzia bondeni.

Ugumu wa pili unatokana na wa kwanza. Fundi akiitwa, huja. Akija, injini imeshapoa. Akigeuza ufunguo, gari linaitika. Atamtazama mwenye gari kwa macho ya huruma, atasema, “Mbona hamna kitu hapa, bosi?”, na atachukua pesa ya kuja, ambayo kwa haki kabisa ni yake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya uchunguzi: mgonjwa apimwe homa ikiwa juu. Gari lifikishwe gereji likiwa la moto, lizimwe hapo hapo, lingojwe robo saa, ndipo liwashwe mbele ya mashahidi. Gari baridi likiwa gereji ni mtuhumiwa aliyeoga akavaa suti.

Sasa uainishaji. Watakaodai kwamba hakuna haja ya kuwapa majina mapya wagomaji ambao kila utingo anawafahamu wakumbushwe habari za kipunji. Nyani huyo wa Mlima Rungwe alifahamika kwa wawindaji wa huko, na jina lake walikuwa nalo. Wanasayansi walimwona mwaka 2003, wakamtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakamjengea jenasi ya peke yake yenye jina la Rungwe ndani yake. Kipunji mwenyewe hakubadilika kwa lolote. Lakini tangu hapo aliweza kujadiliwa, na ndicho tunachowatakia wagomaji wetu.

Kigezo chetu ni sauti. Geuza ufunguo, ukae kimya, na uwaombe abiria nao wakae kimya (hatua hii ya pili ndiyo ngumu). Utakachosikia kitakupeleka kwenye ngeli mojawapo.

Ngeli ya kwanza ni Wagongaji. Unageuza ufunguo, unasikia “tak”, basi. Au stata inazunguka kwa uzito, kama inaamshwa usingizini, kisha inaacha. Hapa petroli haina hatia na plagi hazina hatia. Ni umeme mkubwa wa kuzungusha injini ndio haufiki. Waya wa shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo stata iliyokaa jirani na bomba la moshi na kuongeza nyuzi 60 imejiongezea ukinzani wa takribani robo. Stata mpya huvumilia. Iliyozeeka, yenye bushi zilizolika, brashi fupi na vile vishaba vya ndani vinavyogusana vikiwa vimeungua, haivumilii. Ongeza waya wa hasi uliopata kutu mahali ulipofungwa kwenye injini, na hadithi imekamilika.

Kabla ya kununua betri, ambayo ndiyo spea inayonunuliwa bure kuliko zote katika ukanda huu, fanyeni jaribio hili. Chukueni waya mnene wa kuazimishana chaji, upande mmoja ukae kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Geuza ufunguo. Likizunguka kwa nguvu, betri iachieni heshima yake na mkasafishe waya wa hasi. Mwenye mita apime volti kwenye betri wakati stata inavutwa: zikishuka chini ya 9.6 hivi, betri ijieleze. Zikibaki juu na stata bado inasema “tak”, shauri ni la stata na nyaya zake. Kuigonga stata kwa mpini wa nyundo huku mwenzako akigeuza ufunguo si uchawi wala ushenzi. Huzigusisha brashi zilizokwama, na gari likiwaka kwa namna hiyo limekiri kosa mbele yako.

Rungwe imeilea ngeli hii kwa upendo usio wa kawaida, kwa sababu ya miteremko. Gari la gia za kawaida lisilozunguka vizuri linaweza kuishi Tukuyu miaka mingi bila stata ya maana, mradi dereva ahakikishe kila anapoegesha pua inatazama bondeni. Utingo hushuka na jiwe lake, huliweka mbele ya tairi, na hulitoa kwa ishara. Kuna madereva ambao ramani yao ya wilaya nzima ni ramani ya miteremko: wanajua duka gani lina parachichi zuri lakini limekaa tambarare, hivyo hawanunui hapo. Gari hilo hilo likishushwa Kyela hufa siku ya kwanza. Likiwa Noah ya otomatiki hata mteremko hauliokoi, maana gari la otomatiki halisukumwi likawaka, ingawa kila mara watapatikana vijana watano walio tayari kulisukuma hadi mtu aseme.

Ngeli ya pili ni Wazungukaji, na hapa ndipo fani ilipo. Stata inazunguka kwa shangwe, injini inazunguka, moto haushiki. Wametawanyika katika koo kadhaa, na kosa la kawaida ni kuwatibu wote kama ukoo mmoja.

Ukoo wa Walevi umekunywa petroli kupita kiasi. Kwenye gari la kabureta, joto la baada ya kuzima huichemsha petroli iliyokuwa ikisubiri kwenye kikombe cha kabureta, ikafurika na kudondokea kwenye njia ya hewa. Sindano ya floti iliyochakaa husaidia ulevi huo. Kwenye gari la nozeli, nozeli inayovuja baada ya kuzima hufanya kazi ile ile kwa siri zaidi. Chombo cha kuwatambua ni pua: harufu ya petroli nyuma ya bomba la moshi na chini ya boneti. Plagi ikifunguliwa huwa imelowa. Na tiba inayotolewa na karibu kila dereva, kupiga-piga pedali ya mafuta, ni kumwongezea mlevi chupa. Kinachotakiwa ni kukanyaga pedali hadi sakafuni, kuishikilia hapo hapo, na kuzungusha stata, ili hewa nyingi ipite na kumkausha. Magari mengi ya nozeli yana akili ya kuelewa ishara hiyo: pedali ikiwa chini kabisa wakati wa kuwasha, kompyuta hukata mafuta.

Ukoo wa Wenye Kiu ni kinyume chake, na cha kusikitisha ni kwamba unafanana nao kwa kila kitu isipokuwa harufu. Petroli imegeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika. Pampu za zamani, zile zilizofungwa ubavuni mwa injini na kuvuta petroli kutoka kwenye tangi, ziliumbwa kuvuta kimiminika. Zikikuta mvuke huvuta, huachia, huvuta, huachia, na hakuna kinachosogea. Kitambaa kilicholoweshwa na kuzungushiwa pampu na bomba hutibu kweli, kwa kuurudisha mvuke kuwa petroli, na mtu wa Rungwe hahitaji kutafuta maji mbali. Gari la nozeli lenye pampu ndani ya tangi halipatwi kirahisi, kwa kuwa petroli yake hukaa kwenye shinikizo na petroli iliyoshinikizwa hukataa kuchemka. Lakini likizeeka, vali ndogo inayopaswa kushikilia shinikizo hilo baada ya kuzima huanza kuvuja, na bomba lililo juu ya injini ya moto hubaki na mvuke mtupu. Jaribio lake ni la bure: fungua ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, sikiliza mlio wa pampu kule nyuma, funga, fungua tena, mara tatu hivi, ndipo uwashe. Likiitika, umempata. Tahadhari kwa watafiti wachanga: baadhi ya magari, Toyota kadhaa za zamani zikiwemo, hayaiamshi pampu mpaka stata izunguke, hivyo ukimya wake si ushahidi wa kifo.

Ukoo wa tatu ni Wasahaulifu. Mafuta yapo kwa kipimo, hewa ipo, cheche imesahauliwa. Koili iliyozeeka hupasuka nyuzi zake za ndani kwa joto na kuungana tena ikipoa. Kondensa ya gari la pointi hufanya vivyo hivyo, na sensa inayosoma mzunguko wa krenki hukata mawasiliano ikiwa ya moto na kuyarejesha ikishapoa, bila kuacha alama yoyote. Mtazame mshale wa mizunguko kwenye dashibodi wakati stata inazunguka. Ukitikisika kidogo, sensa inaongea. Ukilala kama umekufa wakati injini inazunguka, kwenye magari mengi una sababu nzuri ya kuanzia sensa, waya wake au koili. Cheche ikipimwa kwa plagi iliyoshikizwa kwenye chuma inapaswa kuwa ya buluu na yenye mlio. Ya njano iliyokonda ni ya kuombea. Pima hivyo mbali na harufu ya petroli. Taifa lina uhaba wa watafiti.

Wa nne ni ukoo wa Wazushi, na wamekuja na kompyuta. Sensa ya joto la maji inapaswa kuiambia kompyuta injini iko nyuzi ngapi. Kwenye Toyota nyingi ukinzani wake huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi 200 au 400 kwenye nyuzi 80. Sensa ikiharibika ikashindwa kushuka, injini inaweza kuwa inatokota huku kompyuta ikiambiwa kwamba tuko Isongole, mwezi wa saba, alfajiri. Kompyuta, kwa nia njema, huongeza petroli. Matokeo yake ni mlevi, ila mlevi aliyenyweshwa na mtu wa tatu. Fundi asiyeujua ukoo huu atasafisha nozeli, atabadili plagi, gari litaenda vizuri siku mbili mpaka plagi zilowe tena, naye atasema plagi alizonunua ni za kichina.

Dizeli ni himaya ya peke yake, na kosa la kuihukumu kwa sheria za petroli limewagharimu wengi. Dizeli haina koili wala plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya injini. Injini ya moto kwa mantiki hiyo ingepaswa kuwaka kirahisi zaidi. Ndiyo maana dizeli inayowaka vizuri asubuhi na kugoma mchana inawavuruga watu akili, na ndiyo maana hubadilishiwa hita plagi. Hita plagi ni mambo ya asubuhi. Hazina kesi ya kujibu saa nane mchana.

Mtuhumiwa ni pampu ya nozeli, hasa zile pampu za mzunguko zilizofungwa kwenye injini kama 2L na 3L za Hilux na Hiace, na kwenye Land Rover nyingi za zamani. Ndani yake vyuma hupishana kwa mwanya mwembamba kuliko unywele, na dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha. Miaka ikipita, na vumbi na maji ya kwenye tangi yakifanya kazi yao, mwanya huongezeka. Dizeli ikiwa baridi bado ni nzito kidogo, huujaza mwanya na shinikizo hupatikana. Ikiwa ya moto huwa nyepesi, hupenya na kurudi ilikotoka, na kwa mwendo wa polepole wa stata shinikizo la kufungua nozeli halifikiwi. Injini ikishawaka, pampu huzunguka haraka mno kuipa dizeli nafasi ya kutoroka, hivyo gari hutembea kutwa nzima bila lawama. Linashindwa kitu kimoja tu, kuanza.

Jaribio lake ni kitambaa chenye maji juu ya pampu kwa dakika chache. Likiwaka baada ya hapo, pampu imelika, na tiba halali ni kuipeleka Mbeya kwa wanaopima pampu kwenye mashine. Usiimwagie maji ya baridi kali kwa ghafla, na kamwe usifanye hivyo ikizunguka: ganda la nje likisinyaa kabla ya vyuma vya ndani, pampu inaweza kung'ang'ana ikavunjika, na jaribio litakuwa limegeuka uchunguzi wa maiti. Kwa kuwa bei ya tiba halali humfanya mwenye gari akae chini kwanza, wengi hujiponyesha kwa dumu la maji la lita tano, na gari huendelea kuitwa zima.

Kuna ukoo mdogo nitakaoupitia haraka: Waliobanwa Kifua. Valvu za moshi zilizobaki bila nafasi ya kutosha, kwa sababu tepeti hazijaguswa tangu gari lishuke melini, hurefuka kwa joto na kushindwa kufunga kabisa. Kompresheni inaanguka, injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, haiwaki. Pima kompresheni injini ikiwa ya moto. Ukipima baridi utasifiwa na gari.

Dumu hilo nililolitaja limeniongoza kwenye njia ya pili ya kuainisha, ambayo naiona bora kuliko ile ya sauti kwa mtu anayetaka kununua gari la mkono wa tatu. Usiangalie injini. Angalia vilivyo chini ya kiti cha dereva. Dumu la maji na kitambaa kwenye gari la dizeli: pampu. Dumu na kitambaa kwenye gari la petroli: kiu, au rejeta, na yote mawili yanawezekana. Mpini wa nyundo wenye alama za kugonga chuma, bila nyundo: stata. Jiwe safi, lililochaguliwa, la ukubwa wa kichwa cha mtoto: stata pia, ila mwenye gari ameshakata tamaa. Plagi za akiba zilizofungwa kwenye gazeti: huyu ni mlevi, na familia inajua. Muuzaji atakwambia vitu hivyo ni vya dharura. Kweli kabisa, na dharura yenyewe utaikuta kila siku ya soko.

Muuzaji mwerevu ana desturi mbili zinazostahili kuandikwa. Ya kwanza ni kukuonyesha gari asubuhi na mapema, likiwa baridi, liitike mara moja, kisha apige boneti kofi la mapenzi. Ya pili ni kukusubiri likiwa linaunguruma tayari na kukataa kulizima kwa kisingizio kwamba betri inajazwa. Mwombe mwende naye hadi Kiwira na kurudi. Mkifika, zima, funga madirisha, mwambie una njaa. Kuleni taratibu, robo saa. Muuzaji asiye na hatia atakula. Mwenye hatia atatazama gari kila tonge.

Imebaki fasihi simulizi ya abiria, ambayo hutungwa ndani ya gari lililogoma na hufa gari likiwaka. Shule ya Betri ndiyo kongwe na yenye wafuasi wengi; mwanachama wake hukaa kiti cha nyuma kabisa na hutoa hukumu bila kushuka. Shule ya Mafuta Machafu inaegemea kituo cha mafuta ambacho msemaji alishagombana nacho kwa jambo jingine. Shule ya Mkosi inatafuta ni nani aliyepanda mwisho. Kuna pia Shule ya Zamani, ya wazee, inayoshikilia kwamba magari ya hendeli hayakuwa na upuuzi huu. Shule hii ina chembe ya ukweli: stata ya umeme iliingia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, na kabla ya hapo Mgongaji hakuwezekana. Aliyegoma alikuwa mkono wa dereva, tena mara nyingine baada ya hendeli kuuvunja.

Shule hizi hazina ugomvi na utafiti wetu, isipokuwa pale zinapogusa nauli. Gari likigoma Ushirika, abiria hungoja dakika tano, hunong'ona dakika tano, kisha mmoja husema kwa sauti ya upole: “Konda, utatufaulisha au uturudishie chetu?” Hapo mjadala huanza. Konda anadai safari ilishafika nusu. Mama mwenye magunia anasema nusu yake haiko Tukuyu. Mzee mmoja anaombwa asuluhishe, anaamkiwa na wote, anaomba aelezwe tangu mwanzo. Mpaka kiasi cha kurudisha kinakubaliwa, sarafu zimehesabiwa, magunia yameshuka na Noah nyingine imesimamishwa, imeshapita nusu saa na ushee, na dereva, ambaye muda wote huo hakuwa na la kufanya, anageuza ufunguo kwa uchovu tu.

Linawaka. Na swali ambalo hakuna shule yoyote iliyolitatua ni iwapo konda ana haki ya kudai nauli irudi.